Vipimo vya meno kutoka Ukerewe vinanifikia vimesinyaa, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi wa meno bandia hapa Mwanza, nina maabara ndogo. Kuna kliniki ya Nansio, kisiwani Ukerewe, inanitumia kazi kwa kivuko. Wanachukua kipimo cha fizi asubuhi kwa alijineti (unga unaokorogwa na maji, ukiganda mdomoni unabaki na umbo la fizi), mimi nakishika jioni. Na alijineti haingoji: ikikauka inasinyaa, ikilowekwa inavimba.

Juzi bibi mmoja kavuka ziwa kunirudishia meno ya juu. Nikamwambia, "Bibi, hebu sema samaki." Yakadondoka ulimini. Pembeni mwa ufizi pana kidonda chekundu. Iliniuma sana, maana alijichanga muda mrefu apate kutafuna tena. Nitamtengenezea mengine bure.

Nimewaomba wamwage plasta (jasi ya kutengenezea sanamu ya fizi) ndani ya kipimo hukohuko, wanasema hawana wa kuichanganya. Kitambaa chenye unyevu ndani ya mfuko uliofungwa kimesaidia kidogo tu.

Mnaopokea kazi za visiwani mnafanyaje? Niende nikamfundishe nesi wao kumwaga plasta, au tuache alijineti tuchukue vipimo kwa silikoni? Ile inatunza umbo, ila bei yake wagonjwa wangu wengi hawaiwezi.