Wakuu, silikoni inanata kwenye kalibu. Halafu, vikaragosi vya filamu au VFX (picha za kuongezwa kwa kompyuta)?

fundi_mchanga: Wakuu, heshima kwenu. Nataka kazi ya viumbe vya filamu. Blender, ile programu ya 3D, naijua kiasi. Nimefinyanga kichwa cha fisi kwa udongo wa mafuta, nikatoa kalibu ya plasta, nikamimina silikoni ya platinamu (ile inayogandishwa na platinamu). Siku ya pili upande uliogusa kalibu bado unanata, ndani pamekauka. Nimekosea wapi? Na je, niachane na vikaragosi nibaki na kompyuta?

Kalibu77: Mkuu, ungekosea vipimo ingenata yote. Inanata ilipogusa kalibu tu, basi ni salfa. Udongo mwingi wa mafuta unayo, na mabaki yake yamebaki kwenye plasta. Plasta yenyewe haina kosa. Salfa inaua platinamu inayogandisha silikoni, kwa hiyo hata ukisubiri mwezi haitakauka. Tupa hiyo, na kalibu pia.

Nunua udongo ulioandikwa hauna salfa. Vaa glavu za naitraili au vinaili, zile za mpira wa kawaida zina tatizo lilelile. Plasta mpya ikauke kabisa, kisha paka vaselini nyembamba. Pima A na B, zile sehemu mbili za silikoni, kwa mizani kama kopo linavyosema. Kabla ya kumimina yote, jaribu gramu 10 kwenye kona ya kalibu. Ngozi ya mdomoni iwe milimita 3 hivi. Ikizidi, kidole gumba kinachochezesha mdomo kitachoka kabla mwongozaji hajasema kata.

Mzee_wa_Fremu: Usiachane na mikono. Phil Tippett alikuwa mtu wa vikaragosi vya fremu kwa fremu, yaani unakisogeza kidogo, unapiga picha, unakisogeza tena. Filamu ya Jurassic Park (1993) ilipohamia kompyuta, alibaki kusimamia mwendo wa dinosaria kwa sababu alijua mnyama anavyobeba uzito wake. Timu ile ikapata Oscar ya VFX. Programu utajifunza, uzito hauji kwa kubofya.

Huyo fisi mpigie shoti moja. Kamera kwenye stendi, fokasi, mwanga na rangi vyote uviweke mwenyewe kwa mkono, si otomatiki. Umeme wetu ni hezi 50, weka shata (muda wa kamera kupokea mwanga) sekunde 1/50, taa zisipepese kwenye video. Ukimaliza, toa kikaragosi na wewe mwenyewe, rekodi sekunde 10 za mandhari tupu bila kugusa stendi. Hiyo ndiyo utakayotumia kwenye kompyuta kufuta fimbo inayoshikilia kikaragosi.

fundi_mchanga: Asante sana wakuu. Fimbo niipake kijani?

Mzee_wa_Fremu: Hapana, kijani kitaakisi mwanga wa kijani kwenye manyoya ya fisi. Paka rangi ya mandhari, isiyong'aa. Fimbo itokee upande wa pili wa mwili, isikatize mbele ya manyoya, maana ikikatiza utakuwa unachora unywele mmoja mmoja, fremu 24 kwa kila sekunde. Na kivuli chake ukutani usikisahau, wengi hufuta fimbo wakaacha kivuli.

dada_rili: Video ya kuonyesha kazi zako unapoomba kazi isizidi dakika 1. Shoti kali iwe ya kwanza, kisha onyesha ileile ikiwa bado na fimbo, kabla hujaifuta.