Vishoka wa tovuti, wezi wa makala na huo mnaouita "uhuru wa kujieleza": nimechoka, leo nasema

Wakuu, habari za usiku. Modereta, kabla hujauhamishia uzi huu jukwaa la ufugaji kwa sababu tu umeona neno kuku, soma mpaka chini. Kuku wamo, ila si wao walioniudhi.

Nina duka la dawa za mifugo hapa Morogoro, Kihonda. Maswali ya wateja ni yale yale kila siku: chanjo ya kideri (mdondo) inatolewaje, kuku anaharisha kijani nimpe nini, mtetea kakataa kuatamia. Mwaka 2016 nikaona badala ya kujibu mpaka mdomo unakauka, niandike. Nikafungua blogu ya bure, nikawa naandika usiku nikishafunga duka. Hakuna aliyenilipa. Watu walikuwa wananipigia kutoka Tabora, kutoka Lindi, na mama mmoja alinipigia kutoka Goma, Kongo, tukaelewana yeye kwa Kiswahili chake na mimi kwa changu, kuku wake wakapona.

Zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018. Kwa wenye kumbukumbu fupi hesabu ilikuwa hivi: Sh 100,000 ya maombi, Sh 1,000,000 ya leseni, na Sh 1,000,000 nyingine ya kila mwaka. Na blogu zilikuwemo. Ukikamatwa huna leseni, faini isiyopungua Sh 5,000,000 au jela isiyopungua miezi 12, au vyote viwili. Juni mwaka huo hata JamiiForums, jukwaa kubwa la mijadala, ilizimika kwa muda. Mimi ni mtu wa kuku arobaini na blogu isiyoingiza hata mia. Nikafuta kila kitu usiku mmoja, makala sitini na kitu, na kwa haraka ile sikubakiza nakala. Mke wangu aliamka akaniuliza kuna msiba gani.

Hilo nilishalisamehe, au niseme nililizoea. Kanuni zililegezwa 2022, ada zikashuka, nikapata moyo tena. Na hapo ndipo nilipokutana na kishoka.

Mnawajua vishoka, mafundi wasio rasmi wanaokula pesa za watu. Zamani walikuwa wa umeme, siku hizi wako mpaka kwenye tovuti. Huyu nilimpata 2023 kupitia "status" ya rafiki yangu. Kijana mtanashati, laptopu ina stika nyuma, kila sentensi mbili anasema "professional". Bei laki nane na nusu. Akaniahidi ndani ya wiki mbili nitakuwa ukurasa wa kwanza wa Google. Wakuu, mtu yeyote akikuahidi ukurasa wa kwanza kwa tarehe, nyanyuka uondoke, hata soda aliyokununulia iache. Google wenyewe wameandika wazi kwamba hakuna anayeweza kukuhakikishia namba moja. Mimi sikuwa nimesoma.

Tovuti ikaja. Nzuri kweli. Picha zinateleza zenyewe kulia kwenda kushoto, na ukurasa wa mbele una mzungu kashika kikapu cha mayai kwenye majani mabichi ambayo sijui ni ya nchi gani. Kila picha MB 4. Mteja wangu yuko Gairo, ana simu ya laki na nusu yenye kioo kilichopasuka na bando la MB 500 la siku, anataka kujua matone mangapi. Nilipima mwenyewe kwa saa ya mkononi, kwa simu ya shemeji yangu: sekunde 19 mpaka maandishi ya kwanza yanaonekana. Kipimo wanachokitumia Google kwa kitu kikuu cha ukurasa kuonekana ni sekunde 2.5. Nikamwambia fundi. Akasema tatizo ni simu za wateja wangu.

Ikapita miezi saba. Wageni sifuri. Simaanishi wachache, nasema sifuri, isipokuwa mimi na yeye. Kila nikiuliza: "Google wanachukua muda mzee, ongeza maudhui." Nikaongeza. Niliandika upya makala zangu za 2016 kwa kumbukumbu, moja moja, usiku, panya wakipita juu ya mifuko ya pumba. Mwezi wa nne akaja na dawa nyingine: huduma ya SEO, yaani kuipandisha tovuti kwenye matokeo ya utafutaji, Sh 150,000 kwa mwezi. Nikalipa miezi mitatu. Ndiyo, nichekeni tu, hata mimi najicheka.

Aliyeniokoa ni dogo wa steshenari jirani na duka langu, anayefanya kazi ya kutoa fotokopi. Nilikwenda kuchapa lebo za bei, nikawa namlalamikia tu. Akaniambia mzee, andika neno site, weka nukta pacha, kisha jina la tovuti yako bila nafasi, utafute. Tukatafuta. Hakuna hata ukurasa mmoja. Akasema hii si foleni, hii umefungiwa mlango. Akaniomba nywila, akaingia kwenye dashibodi ya WordPress, mfumo uliojengea tovuti yangu, Mipangilio, akaenda sehemu ya Kusoma. Pale chini kuna kiboksi kidogo. Kazi yake ni kuiambia mitambo yote ya utafutaji: tafadhali msiiorodheshe tovuti hii. Mafundi hukiwekea tiki wakati wanajenga ili kazi isionekane ikiwa nusu, wakimaliza wanatoa. Wangu hakutoa. Miezi saba. Google haikuwa na kosa lolote, iliambiwa isije na haikuja.

Dogo akatoa tiki, akabofya hifadhi. Nikamuuliza ni bei gani, akasema lebo ni elfu mbili.

Siku ya tisa makala ya kwanza ikaonekana. Sasa nikataka kumfukuza fundi, ndipo nikajua kumbe hata jina la tovuti si langu, kaliandikisha kwa jina lake na barua pepe yake. Akataka laki tatu "ya uhamisho". Jina la .co.tz ukinunua mwenyewe kwa wakala aliyeidhinishwa bei yake ya mwaka haifikii hata mfuko wa chakula cha kuku wa mayai. Nikamwachia jina lile, nikaanza upya na jingine kwa jina langu. Na ile SEO ya laki na nusu kwa mwezi? Dogo akanionyesha: viungo (linki) mia na kitu kutoka kurasa za kamari za lugha nisizozijua, zote zinaelekeza kwenye tovuti ya chanjo ya kuku ya Kihonda. Google walikuwa wakipiga vita viungo vya kununua tangu zamani, wakazidisha ukali kwa Penguin, sasisho lao la utafutaji la Aprili 2012. Yaani nilikuwa nalipia sumu kwa awamu.

Sawa. Kishoka ni kishoka, nchi imejaa. Kilichonifanya niandike leo ni kingine.

Makala yangu ya kideri ilianza kusomwa. Chanjo ya I-2, hii inayotengenezwa hapa hapa nchini, tone moja kwenye jicho moja, unarudia kila baada ya miezi mitatu. Nimeandika kwa picha, hatua kwa hatua. Wiki mbili zilizopita anakuja mteja dukani, baba wa makamo, kainamisha kichwa. Kuku 27 wamekufa kwa siku nne. Nikamuuliza ulichanja? Nilichanja. Lini? Mwaka jana mwezi wa saba, kule mtandaoni wameandika mara moja kwa mwaka inatosha.

Nikamwambia nionyeshe. Akanipa simu.

Wakuu, ilikuwa makala yangu. Imepitishwa kwenye mashine, ikatoka Kiswahili ikaenda kwingine ikarudi na mguu mmoja. "Tone moja jichoni" limekuwa "chozi moja". Nasema kweli, chozi! "Mpe kila kuku chozi moja." Mtetea amekuwa "mama wa kuku". Miezi mitatu imegeuka mwaka, sijui ilipotelea njia gani. Lakini picha hawakugusa. Kidole gumba kilichoshika kichupa ni changu, kina kovu la panga la mwaka 1998, mke wangu akikiona gizani anakijua. Kidole changu kinafundisha uongo kwenye tovuti ya mtu mwingine, katikati ya matangazo ya mikeka ya kubeti na "ajira mpya leo". Na ukitafuta, yeye yuko juu, mimi niko chini yake hatua sita.

Najua mtakachosema, kwamba Google wana dawa ya hayo. Sasisho lao la Panda la Februari 2011 lilikuja kwa ajili ya kurasa dhaifu na za kukopi. Machi 2024 wakatangaza tena kuyabana maudhui yanayozalishwa kwa wingi kwa ajili ya kupanda tu kwenye matokeo. Nimesoma yote hayo sasa, ada nimelipa. Ila kwa Kiswahili, kwa ninachokiona mimi kila nikitafuta jambo la mifugo, ufagio haujafika uvunguni. Andika ugonjwa wowote wa ng'ombe kwa Kiswahili uone kinachokuja: kurasa tano zilizoandikwa na mtu mmoja asiyewahi kumshika ng'ombe mkia.

Nikamwandikia mwenye ile tovuti. Kwa adabu kabisa, nikamwambia ndugu yangu, toa hiyo makala, inaua kuku za watu. Jibu lake nimelihifadhi: "Uhuru wa kujieleza bro. Mtandao ni wa wote."

Hapo ndipo damu ilipopanda. Kwa sababu huo uhuru mimi nimeutafuta na sijauona. Mwaka huu niliandika makala nyingine, kuhusu chanjo zinazouzwa mnadani kutoka kwenye boksi lililowekwa juani tangu asubuhi. Sikutaja duka wala mtu. Siku ya tatu nikapigiwa simu na namba ngeni, sauti tulivu, ananisomea Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, taarifa za uongo, faini isiyopungua milioni tano au jela isiyopungua miaka mitatu. Nikamwambia niliyoandika ni kweli, nina picha. Akasema utayasema hayo mahakamani. Basi. Hakuwa hakimu wala polisi, na sheria inasema lazima iwe uongo au upotoshaji na ujue hivyo. Lakini wakili wa kunisaidia kuthibitisha ukweli anataka pesa kuliko duka langu. Nikaifuta. Mara ya pili sasa nafuta, ila safari hii niliweka nakala.

Kwa hiyo mwizi wa makala anakula matangazo kwa jina la uhuru, na mimi mwenye kidole nafuta kwa kuogopa simu. Halafu nyinyi humu, X (zamani Twitter) ilipofungwa Mei 2025 mlikuwa wakali, na mimi nilikuwa mkali, sikatai, VPN, ile njia ya kupita palipofungwa, nimejifunza na uzee huu. Intaneti ilipozimwa tarehe 29 Oktoba mwaka huo nilikaa dukani siku kadhaa kama niko kisiwani, daftari la maagizo tupu. Hayo yote tunayapigia kelele na ni sawa kuyapigia. Ila hakuna anayefungua uzi kwa ajili ya mtu ambaye hajafungiwa na yeyote, anaandika ukweli, na hakuna anayemwona, kwa sababu fundi kaacha tiki au kwa sababu mwizi kakaa juu yake. Mimi miezi saba ile nilikuwa na uhuru wote wa duniani. Hata nyoka angeweza kuingia kwenye ile tovuti akataga, nisingejua.

Anayejua namna ya kumshughulikia mtu wa kukopi bila kwenda mahakamani aseme hapa hapa, asinifuate PM (ujumbe wa faragha). PM zangu zimejaa watu wa SEO.

NYONGEZA, saa nne usiku: Jina la fundi sitaji, msinisukume, nimeshasomewa kifungu kimoja kinatosha. Aliyesema nijaze fomu ya Google ya kulalamikia hakimiliki, ahsante mkuu, dogo wa steshenari kesho ananisaidia, nitaambatisha picha ya gumba likiwa na gazeti la kesho kama watekaji. Anayesema nilikuwa mjinga kulipa miezi mitatu, ndiyo, nilishasema mwenyewe kule juu, soma. Na wewe uliyeuliza vifaranga wa wiki mbili waanze na nini: njoo dukani, hapa modereta atatuhamisha.