Mashine ya kuchomelea: transfoma au inveta?

mgeni_wa_cheche: Wakuu, nataka kununua mashine ya kuchomelea. Kuna transfoma nzito na kuna hizi inveta za kubeba begani. Ipi inafaa?

Rodi25: Unachomelea nini? Unene gani? Umeme wa gridi au jenereta? Hujasema hata kimoja.

Koili_Nzito: Transfoma, basi. Ndani ni koili na chuma tu, hakuna saketi ya kuungua. Yangu ilidondoka kwenye gari na bado inapiga kazi.

Taolaumeme: Mzee, sema yote. Hiyo yako inatoa AC, mkondo unaogeuka mwelekeo kila mara. Kwenye hezi 50 mkondo unapita sifuri mara 100 kwa sekunde, na kila mara tao, ule moto wa umeme kati ya rodi na chuma, linataka kuzimika. Rodi ya 6013 inavumilia kwa sababu ganda lake lina madini yanayotoa ayoni, chembe zenye chaji zinazopitisha umeme, kirahisi. Weka rodi ya 7018 ya kawaida uone inavyonata. Inveta inatoa DC, mkondo wa mwelekeo mmoja, tao linatulia.

Koili_Nzito: Haizimiki, yangu inasoma volti 70!

Taolaumeme: Kabla ya kuwasha tao. Tao likishika zinabaki ishirini na kitu.

Mama_Grenda: Inveta ninayo, ya pili hii. Ya kwanza niliua mwenyewe. Nilikuwa nachomelea fremu mfululizo, taa ya njano ikawaka, nikadhani pambo. Kumbe kibao cha nyuma kimeandikwa 30%, yaani kwenye ampea za juu ni dakika 3 za kazi, 7 za kupumzika. Hilo halikuiua. Kilichoiua ni grenda niliyoiweka pembeni yake: feni ikavuta vumbi la chuma, likatua kwenye bodi, siku moja pu! Moshi. Fundi alipofungua, ndani kweusi kama sufuria ya kuni.

kijana_wa_geti: Eti tao lina joto kama jua?

Taolaumeme: Linapita nyuzi 5,000. Uso wa jua ni kama 5,500.

kijana_wa_geti: Mi navaa miwani ya jua, inatosha.

Mama_Grenda: Mwanangu, thubutu! Miale ya urujuanimno haikuumi palepale. Usiku ndipo macho yanakuwa kama yametiwa mchanga. Nunua kofia yenye kioo cheusi.

mgeni_wa_cheche: Asanteni. Nilisahau: kazi yenyewe ni alumini nyembamba.

Rodi25: Sasa tumebishana nini siku nzima? Hapo unahitaji TIG, mashine ya sindano ya tungsten na gesi ya kukinga, tena ya AC. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660, utando wake wa oksidi unapita 2,000. Mkondo wa AC ukigeuka, nusu moja ya mzunguko ndiyo inayouvunja.

Koili_Nzito: AC! Mmesikia lakini?

Taolaumeme: Mzee, hizo TIG zenyewe siku hizi nyingi ni inveta.