Gujarat na mama wa miaka 71, siku 12: naombeni ushauri wa njia

BintiMakadara: Habari zenu wadau. Mwezi wa kwanza nampeleka mama Gujarat, India. Ana miaka 71, magoti yanamsumbua, na ombi lake ni moja: afike kwenye mahekalu ya Kihindu ya Somnath na Dwarka angali anatembea mwenyewe. Mwanangu wa miaka 10 anataka simba wa mbuga ya Gir. Mimi nina langu: babu alipanda jahazi Mandvi, Kutch, akashukia Bandari ya Kale hapa Mombasa, hakurudi tena. Nataka nisimame pale alipoondokea. Kwenye ramani Dwarka na Mandvi zinatazamana, kwa hiyo nimeongeza Palitana, mji wa mahekalu ya Wajaini, na jangwa la chumvi la Rann. Tunaingilia Ahmedabad tarehe 13. Siku zitatosha?

Rajkot_Miaka3: Dada, nimesoma Rajkot miaka mitatu. Hiyo ramani isikudanganye. Kati ya Dwarka na Mandvi kuna Ghuba ya Kutch, na barabara inaizunguka yote kupitia Jamnagar na Morbi, zaidi ya kilomita 400. Palitana iondoe kabisa: mlima Shatrunjaya una ngazi zaidi ya 3,000, na hata mama akibebwa na wapagazi, siku nzima imekwisha. Ningekuwa wewe ningeiacha na Kutch yote.

Halafu tarehe 14 Januari ni Uttarayan, sikukuu ya tiara. Ahmedabad nzima iko juu ya mapaa na vyumba vinajaa. Uzi wa tiara hupakwa unga wa kioo, mtoto asiushike. Sogezeni safari mbele siku chache. Tena pandeni ndege Nairobi hadi Mumbai, kisha Mumbai–Rajkot. Mtakuwa mmekaribia Gir zaidi.

Ba_wa_Tanga: Mwanangu, mimi nimekwenda na magoti kama ya mama yako. Dwarka usimpitishe upande wa mto Gomti, huko kuna ngazi 56. Ingieni kwa mlango wa upande wa mjini, Moksha Dwar. Mchana hekalu hufungwa hadi jioni, basi mlaze apumzike. Somnath simu na kamera haziingii ndani, mnaziacha kwenye makabati nje. Aarti, ibada ya taa, ya jioni ni saa moja. Mketishe mapema, asikie kengele na bahari kwa pamoja. Kila mji mlale usiku mbili, mama asiwe mtu wa kufungasha mizigo kila asubuhi.

FundiMashua_Lamu: Rajkot, hapo sikubaliani nawe. Kutch ndiyo safari ya dada huyu, huwezi kumwambia aiache. Mimi nimefika Mandvi. Ukingoni mwa mto Rukmavati utaona majahazi ya mbao yakiundwa, makubwa kama nyumba ya ghorofa. Nilimkuta fundi amechuchumaa chini ya ubavu wa chombo, anasokota pamba kwa kiganja, anaigongomea kwenye mwanya wa mbao kwa patasi butu. Kukalafati vilevile kama tunavyofanya Lamu! Hatukuwa na lugha moja, lakini nilipochukua nyundo alisogea akanipisha. Dada, nenda asubuhi, kabla jua halijawa kali. Rann ndiyo uiache, iko mbali kaskazini mwa Bhuj.

Rajkot_Miaka3: Haya kaka, umenishinda. Basi njia iwe hivi: Rajkot usiku mmoja, Sasan Gir mbili, Somnath mbili, Dwarka mbili mkipitia Porbandar, alikozaliwa Gandhi, Jamnagar moja kukata ule mzunguko, Mandvi tatu. Kurudi pandeni ndege Bhuj hadi Mumbai, msirudie barabara. Kibali cha Gir omba mapema mtandaoni kwa namba za pasipoti, chukua zamu ya alfajiri, na mvalishe mtoto sweta. Hesabu ya 2025 ilipata simba 891, na hawa wa Asia hawapatikani porini popote pengine duniani. Mwambie mtoto aangalie ule mkunjo wa ngozi tumboni, wa kwetu mara nyingi hawana. Na msisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano, mnatoka Kenya.

Mwana_wa_Unguja: Mkiwa Sasan, karibu hapo kuna kijiji cha Jambur, cha Wasidi, ambao asili yao ni Afrika Mashariki. Ngoma yao wanaiita goma. Mchezaji hurusha nazi juu akaipokea kwa kichwa, ikapasuka. Lakini lugha yao ni Kigujarati, na pale pana kaburi la pir (walii) wao, Nagarchi. Salimuni kwanza, ombeni ruhusa, kamera baadaye. Mimi niliona wageni wakiwapiga picha kama wanyama wa mbugani na iliniuma sana.

BintiMakadara: Shikamoo Ba, mama wa Tanga, na asanteni nyote. Nimesogeza tarehe hadi 18, Palitana na Rann nimeziondoa. Mama nimemsomea majibu yote. Ya ngazi 56 amenirudisha niyasome tena, kisha akasema atazishuka, atashika ukuta, kwa sababu anataka kugusa maji ya Gomti. Ba, kuna mahali pa kushikilia pale?

Ba_wa_Tanga: Ukuta upo, na mtu wa kumshika mkono hakosekani. Shukeni asubuhi mapema, taratibu, watu bado wachache. Mvue viatu mapema, mawe ya chini yana utelezi.