Naomba ushauri: mkate wa Pasaka wa Kigiriki hauumuki kwa baridi ya Njombe

Ndugu wanakikundi, shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi. Naishi Njombe mjini, na kina mama wa jumuiya yetu wamenikabidhi kuoka mikate ya Pasaka ya nchi mbalimbali. Vile vimikate vya Uingereza vyenye alama ya msalaba, ambavyo huliwa Ijumaa Kuu, havikunipa taabu. Kinachonishinda ni tsoureki ya Ugiriki, mkate mtamu unaosukwa kama nywele na kuchomekwa yai lililotiwa rangi nyekundu, ishara ya damu ya Kristo. (Kiungo chao cha kokwa za cheri sikukipata, nikatia iliki, na harufu yake naipenda sana.)

Kinyunga chake kina mayai na siagi nyingi, na kwa baridi ya huku, baada ya saa tatu kilikuwa hakijaongezeka hata nusu. Hamira si mbovu, kwa sababu maandazi ya siku hiyohiyo yaliumuka vizuri. Nilijaribu maziwa ya uvuguvugu, kisha nikaongeza hamira maradufu, lakini mkate ukatoka na harufu ya pombe. Nilipoukata, katikati ya misuko unga ulinata kwenye kisu ilhali juu umeshaungua, maana naoka kwa sufuria yenye makaa juu na chini.

Je, siagi niitie baada ya kinyunga kuumuka mara ya kwanza, au nikiache usiku kucha karibu na jiko? Na makaa ya juu niyaweke wakati gani?