Mrejesho: kusoma Kiingereza kwa ajili ya IELTS (mtihani wa kimataifa wa Kiingereza)

Wakuu, niliomba ushauri humu kwa sababu vifungu vitatu na maswali 40 ndani ya dakika 60 vilikuwa vinanishinda. Nimepata 6.5 kwenye kusoma, chuo kilitaka 6. Asanteni sana!

Aliyesema nisome maswali kwanza, nipigie mstari majina na miaka, ndipo niingie kwenye kifungu, ubarikiwe mkuu. Muda ulianza kutosha hapo. Kukariri orodha za misamiati, kwangu hapana, niliachana nako.

Maswali ya kweli, si kweli au haikutajwa bado yananitesa. Mfano, kifungu kinasema nyuki wamepungua bila kutaja sababu, swali linasema dawa za shambani ndizo chanzo: hiyo haikutajwa, hata kama wewe unaamini ni dawa.