Beit al-Ajaib: ni gofu au jengo bovu?

Mleta mada: Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la zamani la Mji Mkongwe, Zanzibar, iporomoke tarehe 25 Desemba 2020, wengi wanaiita gofu. Naomba neno hilo tulichunge. Masikioni mwa watu gofu ni kitu kilichokwisha, na kilichokwisha hakitafutiwi fundi, kinatafutiwa katapila.

Mwalimu wa lugha: Maana hiyo siikubali. Gofu ni jengo lililohamwa, paa limekwenda, zimebaki kuta. Ndiyo maana tuna magofu ya Kaole na ya Gedi. Aliyekonda sana naye huitwa gofu la mtu, na yu hai, akipata lishe hunenepa. Kisichopona ni kifusi.

Fundi mwashi: Mwalimu, kinachotenga gofu na kifusi ni timazi, yaani uzi wenye uzito nchani wa kupimia kama ukuta umesimama wima. Iteremshe toka juu. Ukuta wa unene wa sentimita 60 uliosimama peke yake, ukishainama sentimita 20 kwa juu, upande mmoja wa chini unaanza kuachia, na chokaa haistahimili kuvutwa. Kabla ya hapo unaegemezwa magogo na unapona. Penye ufa, bandika kipande chembamba cha kioo kwa lipu. Kikikatika, ukuta bado unatembea. Kikidumu miezi, jaza chokaa na mchanga, moja kwa tatu. Saruji usiilete kabisa! Ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe na inafungia unyevu ndani. Chumvi hujikusanya nyuma ya lipu mpaka jiwe linamumunyuka.

Mleta mada: Lakini nyumba za Mji Mkongwe huanza kufa kwa juu. Paa likivuja, maji yanafuata ncha ya boriti iliyozamishwa ukutani. Katikati ukiigonga inalia ngumu, kumbe ncha imeshakuwa unga. Ikikatika, dari inashuka na kuta zinakosa kinachozishika pamoja. Mwenye nyumba akishaambiwa "hili gofu", haoni sababu ya kuziba tundu.

Mwalimu wa lugha: Hapo umenishinda. Lenye paa na watu tuliite bovu. Na Beit al-Ajaib, iliyojengwa 1883, tuseme imebomoka, maana ilianguka ikikarabatiwa, na mafundi wawili walifia humo. Jengo la namna hiyo halijahamwa.

Fundi mwashi: Na Husuni Kubwa, lile jumba la kale kule Kilwa Kisiwani?

Mwalimu wa lugha: Hilo gofu. Na bado linatakiwa chokaa.